Matone na Msumari

Ninyi mliobaki pale kliniki mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi, maana nimestaafu na mnadhani sasa nina nafasi. Nafasi ninayo. Hasira pia ninayo, na nawaambia mapema, asije mtu akasema Mama Zaina alianza vizuri kisha akaharibika katikati. Naanza nikiwa nimeshaharibika. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa, hayo endeleeni kunong'onezana kwenye korido kama kawaida yenu.

Kiswahili changu mtakivumilia. Baba yangu alikuwa mtu wa Kasongo, mji wa Waswahili wa zamani, msafirishaji, mwenye lori la kubeba mahindi na samaki wakavu, na nyumbani kwake hakutaka kusikia Kiswahili cha soko la Kolwezi. Ukisema "batoto" badala ya "watoto", unaondoka mezani. Nje nilisema kama watu wote, lakini kuandika naandika kama nilivyofundishwa na fimbo yake. Wagonjwa wangu nitawaacha waseme kwa kinywa chao.

Nilianza Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, kwenye dispansera, yaani zahanati ya kampuni, zamani zile kampuni ilipokuwa bado inapaka rangi nyumba za wafanyakazi. Nilifika na vazi jeupe lililopigwa pasi mpaka lilitaka kusimama lenyewe. Mkubwa wangu alikuwa Tata Kabamba, muuguzi wa siku nyingi, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Aliniangalia toka juu mpaka chini akaniuliza, "We, unajua kukaa?"

Nikamwambia najua kuchoma sindano, najua kufunga kidonda, najua kuzalisha.

"Sikuuliza ile. Kukaa. Kukaa na muntu."

Nikajisemea moyoni, mzee huyu ana maneno. Asubuhi nzima aliniweka kwenye kiti kando yake nisishike kitu, nisikilize tu, na mimi nikanuna. Vijana wa siku hizi mnanuna kwa simu mkononi. Mimi nilinuna mikono mitupu, na ni vigumu zaidi.

Nyuma ya meza yake palikuwa na msumari. Siku zile kila mfanyakazi alikuwa na jeto, kibati kidogo cha shaba chenye namba yake. Bila jeto hupandi mashine, huingii machimbo, huhesabiwi kazini. Mtu akija amechoka kupita kiasi, mikono inatetemeka, macho yamezama, Tata Kabamba hakuanza na dawa. Alinyoosha mkono tu. "Leta jeto." Akaitundika kwenye msumari, ndipo akamwambia mgonjwa akae.

"Jeto ikiwa hapa, huyu muntu ni wangu," aliniambia. "Ikiwa mu mufuko yake, ni wa kampuni."

Na shefu wa ekipe, msimamizi wa kikosi cha kazi, hata awe mkali namna gani, akiingia kumtafuta mtu wake akaona jeto inaning'inia pale, aligeuka akaondoka. Haikuandikwa popote. Ilikuwa desturi, na watu wazima waliiheshimu. Mtu anapumzika mpaka Tata Kabamba mwenyewe ainuke, aiondoe jeto msumarini na kumrudishia mkononi. Nimewahi kumwona injinia mzima anasubiri nje kwa adabu kama mtu aliyekuja kuposa.

Mchana tulipita nyumba kwa nyumba. Huko ndiko nilikojifunza kazi, siyo shuleni. Mume anasema, "Mi niko muzuri," na nyuma yake mke anatikisa kichwa. Mtu aliyechoka hasemi amechoka, hasa mwanamume wa mgodi. Anasema tumbo. Anasema mgongo. Anasema moyo unamdunda akisikia mlango umefungwa kwa nguvu. Ukimpa kidonge cha tumbo anakushukuru, anaenda zake, na umemkosa.

Kampuni ilivyoanguka mnajua, sina haja ya kuwasimulia, wazazi wenu walikula njaa hiyo hiyo. Tulibaki na sufuria ya kuchemshia sindano bila sindano. Jeto za shaba zikauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tata Kabamba tukamzika, na mimi nikauza sokoni vitambaa vya kaka yangu mpaka migodi mipya ilipofunguka na wakaanza kutafuta wauguzi.

Ndivyo nilivyofika kwenye kliniki hii yetu, kati ya Tenke na Fungurume. Siku ya kwanza nilikuta feni, kompyuta, vitanda vinavyopanda na kushuka, na kila dereva ana baji ya plastiki badala ya jeto. Bila baji mashine haiwaki. Nikaomba nyundo. Fundi akaniuliza, "Mama, unatundika picha?" Nikamwambia ndiyo, picha. Nikapigilia msumari nyuma ya meza yangu, na mtu wa kwanza aliyekuja anatetemeka nikamnyooshea mkono. "Leta baji." Mashefu walilalamika, lakini madereva wengi walikuwa watoto wa Kapata, desturi waliijua kwa baba zao, na ikashika.

Sasa niseme ugonjwa wenyewe, maana ndio uliojaza benchi letu kuliko malaria. Mtu anaendesha benne, lile lori la mgodi lenye gurudumu refu kuliko nyumba ya Kapata. Anafanya zamu ya mchana, akizoea anageuziwa ya usiku, akizoea anarudishwa mchana. Anakaa kambini majuma, mke anamwona kwenye simu. Juu ya hapo, wachimbaji wadogo wanaingia ndani ya mgodi na magunia yao, wanakatiza barabara mbele ya magari, na dereva yuko juu kule hawaoni vizuri. Baada ya miezi kadhaa mwili unalala lakini kichwa kinaendesha. Moyo unakimbia bila sababu. Mtu mzima anaogopa kupanda ngazi ya gari lake mwenyewe na anaona haya kusema.

Katika hali hiyo akaja Mama Solange. Mwanamke wa Lubumbashi, mnene, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alijifunza ng'ambo tiba inayoitwa omeopati, na wakubwa wa kliniki walimleta kwa majaribio. Alikuja na vichupa vya matone. Nilimcheka waziwazi, siwafichi.

Alinieleza bila kukasirika. Kuna mmea wa kutambaa, maua ya manjano, kwetu haumei. Ukiula mbichi unakulegeza mikono na miguu, unakutia giza machoni, unakuua. Sasa wenye tiba hiyo wanasema, kinachomlegeza mtu mzima, kikipunguzwa sana, kitamwinua aliyelegea. Basi wanachukua tone la mmea wanatia kwenye maji, tone la maji hayo wanatia kwenye maji mengine, wanatikisa, na tena, na tena.

"Mpaka mwisho kunabaki nini?" nikamuuliza.

"Kunabakia ukumbusho ya mumea, Mama Zaina. Maji inakumbuka."

"Dada yangu, maji ya mito ya hapa yangekuwa yanakumbuka, tungekuwa tumekufa sote."

Akacheka mpaka akavua miwani. Nikampenda.

Lakini sikilizeni, maana hapa ndipo mlipodanganywa. Mama Solange hakumpa mtu tone kabla ya kukaa naye saa nzima. Saa nzima! Unaota nini? Unaogopa nini? Nani alikufa kwenu? Unapenda dirisha wazi au limefungwa? Kwanza nilidhani ni uchawi wa kizungu. Kisha nikaona wanaume wenye mabega kama milango wanalia kwenye kiti chake na kutoka wamenyooka. Muda wote huo baji iko msumarini, maana tulikubaliana hivyo mimi na yeye, na inabaki hapo mpaka mtu arudi na tumwone kwa macho. Walilala. Walikula. Wengi walipata nafuu. Kama ni matone, mimi sijui, sikuwahi kuona dalili. Mimi najua kilichofanya kazi kwenye chumba kile, nilifundishwa Kapata nikiwa nimenuna.

Wakubwa nao wakaona madereva wanapata nafuu. Mnadhani walisema nini? Walisema, kumbe chupa inafanya kazi! Wakaagiza maboksi. Kisha wakahesabu muda wa Mama Solange wakaona ni mwingi, wakaukata. Saa ikawa robo, robo ikawa dirisha dogo: dereva anapita, anasema usingizi unamkataa, anapewa kichupa, anakwenda. Na wakaleta sheria mpya iliyonichoma roho mpaka leo. Aliyepewa matone ametibiwa. Aliyetibiwa arudishiwe baji papo hapo.

Mama Solange alifunga sanduku lake. Mlangoni akaniambia, "Banabakisha chupa, banatupilia kiti." Alikuwa amekasirika kuliko mimi, yule mpole. Ninyi wengi mlikuja baada yake, mkakuta dirisha na maboksi, mkadhani ndiyo tiba. Hiyo si tiba. Hata Mama Solange, aliyeamini maji yake kwa moyo wote, aliona haya.

Basi ndipo nije kwa Ilunga. Mnamjua. Ilunga wa Kapata, dereva wa benne, mtoto niliyempokea kwa mikono hii siku alipozaliwa. Jioni moja mchimbaji alikatiza mbele yake na gunia mgongoni. Ilunga alikanyaga breki, gari likasimama, yule kijana akakimbia, hakuna aliyeguswa. Mashefu wakampongeza. Baada ya siku kadhaa akaja dirishani kwangu.

"Mama, munipe tu ile matone, nirudie ku kazi."

"Unalala?"

"Nalala."

"Ilunga."

Akaangalia chini. "Nikifunga macho, naona bantu mu barabara. Niko nakanyaga breki mu kitanda. Muke yangu anasema namupiga na muguu."

Nikamwingiza ndani. Nikamwambia ashike kikombe cha maji, yakamwagika nusu. Nikanyoosha mkono. Hakutaka kutoa baji. Nikamwambia nimekuona kabla mama yako hajakuona, toa. Akatoa, nikaitundika.

Hapo akaanza kunibembeleza. "Mama, mwenye kusimama kazi banamufukuza. Bengine beko nje ku mulango ya mugodi, bananingoja nianguke. Niko na batoto. Munirudishie, mi nitaendesha pole pole."

"Utaendesha nini na mikono hiyo? Kazi utaitafuta ukiwa mzima. Kaa!"

Akakaa. Nikavuta kiti nikakaa naye. Tulikuwa tumeanza vizuri, amefika kwenye lile gunia na rangi ya fulana ya yule kijana, aliposukuma mlango shefu wake wa ekipe. Akaona baji msumarini. Enzi za Tata Kabamba angegeuka. Huyu aliuliza, "Amepewa matone?" Nikamwambia hajapewa na hapewi, anapewa mapumziko. Akatoka, akarudi na Docteur Trésor.

Docteur Trésor simchukii, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ni daktari mzuri, mikono yake mizuri, mmemwona akishona. Alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Zaina, ile ni maji, mi najua. Lakini nikipatia kila chofere repo, apumuzike, kontra yetu na mugodi itaisha, kliniki itafungwa. Halafu nani atabashona?"

"Huyu hahitaji kushonwa, Docteur. Bado."

Nilisimama mbele ya msumari, mgongo wangu ukiugusa. Akasema, "Mama, tafazali." Mimi sikusogea. Basi akapitisha mkono juu ya bega langu, akaondoa baji mwenyewe, akampa Ilunga pamoja na kichupa kipya. Hakuniangalia. Ilunga naye alisema, "Aksanti, Docteur," akatoka upesi kama mtu aliyeponyoka. Ninyi mlikuwa nyuma ya pazia mnafunga bandeji. Nilisikia makasi yameacha kulia.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, jua kali, Ilunga alikuwa anashuka na shehena. Akakanyaga breki ghafla kwenye mteremko. Benne iliteleza, ikapanda tuta, ikalala ubavu. Waliponiletea alikuwa amevunjika nyonga na paja, uso mweupe wa vumbi, na aliponiona alinishika mkono. "Mama, kulikuwa muntu. Balimuona? Alipona?"

Hakukuwa na mtu. Nikamwambia alipona.

Mfukoni mwa ovaroli yake nilikuta kile kichupa. Hakijavunjika. Hata kifuniko hakijafunguliwa.

Sasa sikilizeni walichokifanya, maana wengi wenu mlisikia nusu. Paliitishwa kikao. Mimi nilikwenda nikidhani nitaulizwa kwa nini mtu anayetetemeka alirudishwa kwenye gari. Hawakuniuliza hata jina. Mkubwa wa kontra, anayesimamia mkataba wetu na mgodi, aliweka kichupa katikati ya meza, akakizungusha kwa kidole ili kila mtu aone kifuniko kizima, akasema mfanyakazi alipewa matibabu na hakuyatumia. Kwa hiyo, kosa ni lake. Kosa zito. Afukuzwe.

Astaghfirullah! Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Mtu amelala hospitali na vyuma mguuni, anafukuzwa kwa kutokunywa maji!

Kwenye pembe ya ofisi palikuwa na maboksi yale yale. Niliinuka, nikapasua moja. Pombe haimo, nilikuwa nimeshamuuliza Mama Solange zamani, maana hata hasira ina mipaka yake. Nikafungua kichupa nikakimimina chote kinywani. Nikafungua kingine. Na kingine. Kuna bwana mmoja aliita, "Mama, hapana!" akasogeza kiti nyuma, nadhani alingoja nianguke miguuni pake. Nikaendelea mpaka vichupa vikajaa mezani, vinabingirika na kuanguka chini.

"Nimekunywa dawa ya ekipe nzima," nikawaambia. "Haya, niangalieni. Nimetulia? Nauliza, nimetulia?"

Docteur Trésor aliangalia viatu vyake. Mkubwa wa kontra akasema ninaaibisha kliniki, akachukua kalamu, wakasaini wote. Naye Docteur alisaini. Sikushinda kitu siku ile. Nilipata tu haja ndogo ya kutwa nzima.

Miezi michache baadaye zamu yangu ya kustaafu ikafika. Mliniandalia Fanta na biskuti, mkaimba vizuri, na kitenge ni kizuri, nakivaa. Uongozi nao ulinipa zawadi. Mnakumbuka? Boksi la matone, limefungwa utepe. "Ya kutuliza roho, Mama." Nililiacha chooni.

Ilunga ninamwona karibu kila siku, maana nimerudi kuishi Kapata. Anakaa kwenye ngazi ya mlango, gongo ubavuni, mke wake anapanga makaa ya kuuza. Navuta kigoda nakaa naye. Anasema kidogo, ananyamaza, anasema tena. Pikipiki ikipita kasi mtaani, ule mguu uliovunjika unakaza, kisigino kinakanyaga saruji. Bado anafunga breki. Safari hii nakaa hadi amalize, na hakuna wa kusukuma mlango aje kumchukua.

Siku yangu ya mwisho, mlipokuwa mnagawana biskuti zilizobaki, niliingia chumbani kwangu kuchukua viatu. Juu ya msumari wangu nikakuta mtu ametundika kalenda ya wauzaji wa matone, ile yenye maua ya manjano. Sikuuliza ni nani, nyuso zenu nazijua. Niliichana nikaitupa. Nikavua kiatu, nikaugonga msumari kwa kisigino mpaka ukakaa imara.

Bado upo pale. Akija mtu mikono inatetemeka, kabla ya dirisha, kabla ya chupa, nyoosheni mkono mwambieni alete baji. Shefu atakuja, na baada ya shefu atakuja daktari. Msiniambie, sisi tungefanyaje. Mimi siku ile nilisimama mbele ya ule msumari peke yangu, na ninyi nyote mlikuwa nyuma ya pazia, wazima, miguu yenu miwili miwili, na hakuna aliyetoka.